Mtani Aliyeniamkia kwa Heshima

Mwembesongo,
S.L.P. 2207,
Morogoro.
21 Novemba 1999

Mpendwa dada Josephina,

"Mtani wangu huyu anaijua kompyuta kama anavyoijua Marekani: kwa kusoma tu."

Maneno hayo aliyasema Hatibu mbele ya akina mama wa Matombo, siku mashine uliyotutumia ilipofikishwa misheni. Ni uongo, na nimeona niukanushe kabla hata ya kukuamkia. Mtu anayejua kwa kusoma tu hana makovu ya lehemu vidoleni, mimi ninayo. Nimetoa kiota cha panya ndani ya kompyuta ya mwenye duka la mbegu, panya mwenyewe akinitazama. Nimeifufua mashine ya wakili iliyomwagiwa uji. Nimechukua mbili zilizokufa nikaunda moja inayopumua. Yote hayo barazani kwangu, nikishamaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, bila cheti wala mtu wa kunituma. Kwa hiyo hoja ya Hatibu imeanguka. Lakini, dada, ukiendelea kusoma utaona kwamba tulianguka wote, na mimi ndiye niliyekuwa chini.

Sasa nirudi kwenye adabu. Shikamoo dada. Ni matumaini yangu kwamba wewe, shemeji Ezekiel na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya huko haijaanza kukusumbua magoti. Sisi tunaendelea. Mvua za vuli zimetupa kisogo. Kila asubuhi mlima unajifunika ukungu kama unaotaka kutoa kitu, jua likipanda unajifunua, hakuna. Mama yangu, mama yako mdogo Theresia, hali yake si ya kusifia. Nitamfikia.

Uliniuliza kama bado namalizia jioni zangu kwenye vyuma. Bado. Siku hizi kompyuta kuukuu zinashuka kutoka Dar kama marobota ya mashati. Kila aliyepunguzwa kazini ananunua moja, anaandika mlangoni "Huduma za Ofisi", na kesho yake yupo barazani kwangu na lile neno lao, "Mwalimu, niangalizie tu." Niangalizie tu maana yake nifungue, nisafishe, nitengeneze, kisha nishukuriwe kwa fungu la mchicha. Disketi zao zimejaa virusi, nao wanaazimana kama viberiti. Mmoja aliniletea monita aliyoipiga kofi mpaka ikapasuka, kwa sababu redio ya baba yake ilikuwa inapona kwa kofi. Nami nikiwa nimebakiza skrubu moja, umeme unakatika. Mama watoto anasema nina kazi mbili, na ile isiyo na mshahara ndiyo ninayoiwahi.

Nimeandika gazetini, nawe umesoma, kwamba soko huria limetugeuza jalala la wenye nazo. Sifuti hata nukta. Ila mashine yako haikuwa takataka. Ilikuwa nzima, imefungwa kwa mapenzi, ikiwa na kazi ya kufanya: akina mama wachapishe lebo za iliki na pilipili manga zao, waandike wenyewe kwa wanunuzi, waache kungoja mlanguzi apande mlimani na bei yake mfukoni. Katika barua yangu ya Septemba nilikueleza kwamba Hatibu aliiua kwa kuirusharusha kwenye pikapu yake. Hayo maneno niliyokuandikia si kweli. Niliiua mimi.

Lucy na Deogratias wamezaliwa huko, kwa hiyo wasomee hapa polepole. Hatibu ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu kwa bibi zetu, na haijalishi kwamba wao wanaswali msikitini na sisi tunasali kanisani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua jogoo wako akaondoka naye, nawe ukinuna unatozwa faini. Na siku ya msiba wako yeye ndiye anayeshika jembe. Anachimba kaburi, anasimamia sufuria, anaigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao. Mama yako mzazi alipofariki wewe ulikuwa huko, viza imekukwamisha. Aliyemchimbia ni Hatibu na ndugu zake, kwenye mvua, kwenye ule udongo wetu wa mawe. Kisha akajifunga khanga ya marehemu, akapita uani akichechemea vilevile, akiwagombeza wakweze kwamba wanamaliza kuni. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Sikuwahi kukuandikia hilo.

Basi, siku ya mashine. Hatibu ndiye aliyeipandisha, maana barabara ile unaijua, na pikapu yake ya ndizi ndiyo inayoijua zaidi. Aliibeba bure, akaifunga kwa magodoro mawili ya nyumbani kwake. Ukumbi wa misheni ulijaa. Jenereta ikawashwa. Mimi nikaanza kuunganisha nyaya, naye akaanza yake.

"Akina mama, huyu mtani wangu anaijua kompyuta kama anavyoijua Marekani: kwa kusoma tu. Kaeni mbali, asije akawasomea."

Nikamjibu, "Wewe hata ndizi mbivu huijui mpaka uionje."

"Na nikishaionja najua. Haya, na wewe ionje hiyo."

Watu wakacheka. Hapo, dada, ningecheka nami nikaendelea na kazi. Lakini unanijua. Nikageukia watu, nikaanza kuhutubia: soko huria, walanguzi, elimu, ujinga. Mdomo ulikuwa mbele, mkono uko nyuma ya mashine unatafuta mahali pa kuchomeka waya.

Nyuma ya mashine kama ile kuna swichi ndogo nyekundu. Umeme wa Marekani ni nusu ya wa kwetu, na mashine ikitoka huko lazima swichi hiyo isogezwe kwanza, la sivyo umeme wa huku unaichoma. Hilo si jambo la kitaalamu, ni la siku ya kwanza. Nimewafundisha wanafunzi wangu. Nimeliandika kwa kalamu nene kwenye kadibodi juu ya meza yangu: KWANZA SWICHI, NDIPO WAYA. Nilichomeka waya nikiwa katikati ya sentensi.

Ikalia mlio mmoja kama bisi kubwa. Moshi ukatoka, na ile harufu.

Hatibu akavua kofia. Akachukua jani la mgomba, akaifunika mashine, akapiga magoti akaanza kulia kama mfiwa. "Jamani mgeni wetu. Kavuka bahari nzima hakuumwa hata mafua, kafika kwa mtani wangu, hata maji hajanywa. Nani atawapelekea habari wafiwa wa Marekani? Mshikeni fundi, asije akataka kuzikwa naye."

Wanawake walicheka, mmoja akashika ukuta. Sasa nikikaa naona alichokuwa akinifanyia. Alikuwa ananifunika mimi kwa lile jani. Ningecheka tu, ningetoka pale mtu mzima, na kesho yake tungetafuta spea.

Nikamwambia, kwa sauti ya kufokea mwizi, "Umeiua wewe, kwa gari lako bovu. Barabara nzima ulikuwa unairusha. Mtu hata jina lake hawezi kulisoma, nani alimwita?"

Matusi angeyapokea, dada. Matusi ni mali yetu ya pamoja. Lakini yale hayakuwa matusi, yalikuwa mashtaka, na niliyatoa kwa hasira ya kweli, na kila mtu mle ndani aliisikia tofauti. Mama, aliyekaa kati ya wale wanawake, alivuta khanga akaziba mdomo. Hatibu alivaa kofia yake, akapangusa magoti, akatoka.

Niliirudisha mashine mjini kwa lori la mbao. Nilipofika sikuifungua kwanza. Nilifungua kwanza karatasi. Nikakuandikia wewe. Nikaliandikia gazeti makala yenye kichwa "Utani ni Kansa ya Maendeleo", nikamtaja "mchuuzi mmoja wa ndizi" ambaye Matombo nzima ilimjua. Mhariri aliipenda. Baada ya kuzituma zote mbili ndipo nikaigeuza mashine. Swichi nyekundu ilikuwa inanitazama, kwenye namba ya Marekani. Sikuhitaji hata bisibisi.

Nikanyamaza. Nilijiambia barua zimeshakwenda. Mimi, ninayewatukana mawaziri gazetini kwa kutokiri makosa, nilinyamaza kwa ajili ya swichi.

Kisha ikaja barua yako kwa paroko, ile uliyoandika na shemeji, mkiomba kwamba mtu yule asishike tena mali ya misheni. Sikulaumu. Uliandika ulichoambiwa, na aliyekuambia ni ndugu yako. Ilisomwa kwenye baraza la parokia. Wazee wa upande wa Hatibu wakasikia, nao wakatuma neno kwa mjomba Petro: ukoo wetu umewashtaki kwa jambo wasilolifanya, kwa hiyo wamekaa pembeni. Hawatakanyaga uwanja wetu, kwa harusi wala kwa msiba.

Mjomba akaitisha kikao. Hatibu alikuja kwa heshima ya mjomba. Mimi na yeye tuko sawa kwa umri. Tangu utotoni hajawahi kuniita ila "maiti" au "mla makaratasi". Siku ile alinipa mkono, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Habari za kazi, mwalimu? Nyumbani hawajambo?"

Sijawahi kutukanwa hivyo maishani.

Wiki iliyofuata mama akaanza homa, na kifua kikambana. Nilikuwa kitandani kwake nikimshikia kikombe. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Batho, mimi nikifa atanichimbia nani?" Nikamwambia asiseme hivyo, tutatafuta vijana. Akasema, "Vijana wa kulipwa, kama napandwa mhogo? Au utanichimbia wewe kwa bisibisi yako?" Akageukia ukutani. Dada, mama hajawahi kuogopa kufa, wewe unamjua. Anaogopa kuzikwa kimya, bila mtu wa kumuigiza, bila wa kuwachekesha wajukuu. Anaona kwamba mimi ndiye nimemnyang'anya.

Nilimwambia palepale habari ya swichi. Nikaenda kwa mjomba, nikamwambia. Jumapili iliyofuata, watu wakitoka misa, nikasimama nje ya kanisa nikasema mbele ya wote kwamba aliyeiua ni mimi, na kwamba makala yangu ilikuwa ya mtu aliyeaibika akitafuta mkubwa wa kumsingizia, akaamua kuwasingizia mababu. Gazeti nimelipelekea kanusho. Bado halijatoka, makosa yangu yanauzika kuliko toba yangu. Kisha nikaenda kwa Hatibu na mbuzi wa faini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mbuzi hakumpokea. Akasema, "Nimekusikia, mwalimu. Ahsante sana kwa kufika."

Bado heshima ileile. Nikarudi kwa mjomba nimechoka. Mjomba akanieleza, akinitazama kama mtoto aliyesoma sana akasahau kula: neno lilitoka katika vinywa viwili vya ukoo. Kinywa chako kimerudisha. Cha Josephina bado kiko ng'ambo, na hicho ndicho kilichosomwa barazani.

Mashine imepona. Nilikitoa kile kisanduku cha umeme kilichoungua, nikafunga kingine cha mashine iliyokufa, swichi nimeisogeza na kuizuia kwa gundi. Iko mezani hapa, imefunikwa kitambaa. Sitaipandisha kwa gari la mtu mwingine.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama magoti yako unayapaka mafuta ya nyonyo. Mjomba Petro anakusalimu. Mama watoto anawasalimu, na akina mama wa parokia wote, ambao bado wanakuombea ingawa lebo zao wanaziandika kwa mkono. Mungu awatunze ugenini, na awalinde na ndugu wanaojua kuandika.

Sasa nasema na wewe dada Josephina, na wewe shemeji Ezekiel uliyetia sahihi chini yake. Mkiisoma hii, msilale kabla hamjamwandikia Hatibu, kwa jina lake, kupitia kwa paroko yuleyule, isomwe katika baraza lilelile. Semeni kwamba hakuiua mashine, mlidanganywa na ndugu yenu. Halafu msimwombe radhi kwa adabu. Adabu ndiyo inayotuua huku. Mtukaneni. Mwambieni pikapu yake inakohoa kuliko yeye, kwamba kofia yake inanuka ndizi zilizooza, kwamba mbuzi wake wa faini tumeshamla na mifupa tunamtumia. Na ninyi, Lucy na Deogratias, ninyi mliozaliwa huko, kila mmoja amwandikie tusi lake moja, kwa Kiswahili chenu hichohicho kibovu, ajue kwamba hata watoto wetu wa Marekani ni watani zake. Andikeni leo. Kifua cha mama hakingoji posta.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa haya usoni,

Bartholomeo