Mcheza Chatu wa Nkome

Mwaloni Nkome,
20 Agosti 1993

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta wewe na mama mkiwa na afya, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi huku ni mzima kabisa, ila sauti imekauka kwa kushangilia. Nina habari kubwa, baba.

Nadhani sijawahi kukueleza sawasawa kuhusu wenzangu wa hapa mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki. Mzee Jilala, manju wetu anayetunga na kuongoza nyimbo za ngoma, analala chini ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa, na mali yake ni ngoma moja tu. Ghati, mwanika dagaa kutoka Tarime, anawagombeza korongo kwa majina, kila mmoja na lake, na anadai wanasikia. Mageni, mchezaji wa ngoma yetu, anafuga chatu wa kuchezea kwenye kiroba. Chatu huyo anaitwa Mwenyekiti, na kuku wa watu wanapungua. Matajiri wa Katoro wakija kununua samaki hutuita takataka za ziwa. Lakini nasema kweli, sijapata kuishi na watu wema kama hawa.

Basi, mwezi uliopita manju wa Katoro alikuja kumchokoza Jilala. Unajua mashindano ya Wasukuma: ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja, moja huku na moja kule, na watazamaji ndio waamuzi. Wakikuhama, umeshindwa. Yule bwana akasema atakayehamwa aikabidhi ngoma yake na asiimbe tena maishani. Jilala akakubali palepale! Tulipomlaumu, akatuuliza mzee wa miaka sabini aogope aibu ya nini tena. Ghati alilia, kisha akaenda kututafutia njuga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili iliyopita. Katoro walishuka na lori zima, sare mpya, filimbi, na jamaa anayecheza akiwa amefunga miti mirefu miguuni. Watu wote wakawaendea wao. Upande wetu alibaki Ghati na mlevi mmoja aliyelala. Mageni alikuwa hoi kwa malaria, na bila mcheza chatu hatukuwa na kitu. Nilimwona Jilala anaifuta ngoma yake kwa kiganja, polepole, anaiaga. Niliumia sana, baba.

Mara akaingia kijana aliyejipaka unga wa muhogo usoni, Mwenyekiti begani! Akapiga mguu chini, vumbi likatimka, akamzungusha chatu shingoni, akambusu kichwani. Mwanamke mmoja akapiga yowe, watu wakageuka. Wakaja kumi, wakaja mia, hata dereva wa lori la Katoro akaja! Yule wa miti mirefu aligeuka kuchungulia, akaanguka chali. Ngoma ya Jilala imebaki kwake, na tulimbeba mzee juu juu mpaka majini.

Sasa kaa chini, baba. Kijana yule nilikuwa mimi. Nilimtoa chatu kwenye kiroba mwenyewe. Najua mtoto wa katekista hachezi na nyoka, tena Jumapili. Najua pia kaka Kamili ulimfukuza kwa kucheza ngoma harusini, na huu ni mwaka wa tatu hajakanyaga nyumbani. Kwa hiyo nilikusudia kukuficha.

Lakini jioni Jilala aliniuliza ule mtindo wa kupiga mguu nilifundishwa na nani. Nikamjibu hakuna, ulikuja wenyewe. Akasema amewahi kuuona kwa mtu mmoja tu, kwao Samuye, mcheza nyoka ambaye watazamaji hawakuwahi kumhama, mpaka alipoacha yote na kwenda kubatizwa Ushirombo. Jina lake akanitajia.

Sikukasirika, baba. Nilicheka hadi machozi, na sijawahi kujivunia kuwa mwanao kama siku ile. Jilala anakusalimu sana.

Nisalimie mama, mdogo wangu Epifania na majirani wote. Mungu awalinde. Nami nakuomba kitu kimoja tu: mwite Kamili arudi nyumbani, na ukimwita, mwambie kwa nini.

Mwanao akupendaye,
Wilbard