Sifuri Nilizoandika Kisiwani Kilwa

Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa kumi.

Joto kali. Wingu limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Nina hasira, na naandika kabla haijapoa, maana nikipoa huwa nasamehe watu ambao hawajaomba msamaha. Wa kwanza wao ni mimi.

Nilifika mapema kwenye chumba ninachokodi karibu na ofisi za halmashauri, mahali pekee ninapopata mtandao wa kueleweka. Ujumbe wa Profesa ulikuwa unanisubiri. Yeye yuko Ulaya, na ndiye aliyeongoza utafiti wetu wa uchumi wa afya hapa Mweru miaka kadhaa iliyopita: malaria inamgharimu nini mvuvi, anapoteza siku ngapi za kazi akiugua. Mimi nilikuwa mmoja wa wasaidizi waliopita nyumba kwa nyumba na tableti. Ujumbe ulikuwa wa furaha. Makala yetu imeingia kwenye orodha ya zile zinazonukuliwa sana katika jarida lile. Nimalize jedwali kabla ya Ijumaa. Na barua ya kuniombea nafasi ya shahada ya pili huko Lusaka ataiandika wiki hii hii.

"Makala yetu," anasema. Jina langu haliko juu yake. Mwishoni, kwenye shukrani, tumetajwa wote kwa mkupuo: wakusanya data wa mahali.

Hilo jedwali ndilo kazi yangu ya miezi miwili sasa. Nafungua kila andiko lililotaja makala yetu, liwe la chuo chochote, na kujaza safu: nani kaandika, mwaka gani, mada ipi, na ameitumiaje, anakubali, anapinga au anaitaja tu njiani. Wao wanaiita kupima mwelekeo wa utafiti. Wafadhili wanapenda kuona mstari wa grafu unapanda. Mwanzoni nilimuuliza Profesa kama mtu anayeiponda makala naye ahesabiwe. Akajibu kwamba nukuu ni nukuu.

Nimesoma mpaka macho yanauma. Karibu wote wamechukua sentensi moja ileile kutoka kwenye muhtasari: kwamba wavuvi wa ziwa hili hawapotezi siku za kazi kwa ajili ya malaria. Huyu kamnukuu yule, yule kamnukuu mwingine, na mwingine katunukuu sisi. Wengine naona wazi hawakufungua makala yenyewe, maana hata kosa la tahajia katika jina la Profesa wamelinakili lilivyo. Safu ya "anapinga" ni tupu kutoka juu mpaka chini. Wasomi wote hawa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza hao wavuvi wameumbwa kwa chuma au vipi.

Mimi sina haja ya kujiuliza. Najua sentensi hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka kwenye kidole changu.

Tulipita nyumba kwa nyumba miezi ya mvua, wakati serikali inafunga ziwa ili samaki wazaane. Profesa aliichagua miezi hiyo makusudi: wavuvi watakuwa majumbani, tutawapata kwa urahisi. Tuliwapata kweli. Jambo ambalo hakulijua, na ambalo huku halimshangazi mtu, ni kwamba wengi wanaendelea kuvua kwa kificho, na anayekamatwa anapoteza nyavu zake na kupelekwa mahakamani. Sasa mtu kama huyo muulize, mbele ya tableti yenye nembo, ugonjwa umemkosesha siku ngapi za kazi. Akitaja siku nne tu, amekiri kwamba kazi alikuwa nayo.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa Papa Ilunga. Ni mzaliwa wa Pweto kama mimi, mji wa nchi jirani ng'ambo ya ziwa, alivuka zamani wakati wa vita, akaoa na kujenga kisiwani Kilwa, hiki kisiwa chetu cha katikati ya Mweru ambacho hufiki ila kwa maji. Siku ile alikuwa ametoka kuugua wiki nzima, macho yakiwa bado ya njano. Nyuma ya jiko lake nyavu zilikuwa zinachuruzika maji.

"Lac iko imefungwa," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Pweto kilichochanganyika na Kifaransa, akicheka kidogo. "Kazi gani njo nilikosa? Andika zéro, madame, tumalize."

Nikaandika sifuri. Wa pili sifuri. Wa tatu naye hivyo hivyo.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na sijawahi kuisema popote. Fomu ile ilikuwa imetengenezwa hivi: ukijaza siku moja au zaidi, inakufungulia ukurasa mzima wa maswali. Nani alivua badala yako, ulitumia usafiri gani kufika kliniki, nani alikaa na mgonjwa. Ukijaza sifuri, inauruka ukurasa wote. Tulikuwa na nyumba nyingi za kumaliza kabla upepo haujageuka, na mtumbwi ulikuwa unatusubiri. Nilianza kuzipenda sifuri. Ilipofika siku ya tatu, nilikuwa nauliza swali hilo kwa namna ambayo ilimrahisishia mtu kusema hapana.

Kweli, mwishoni mwa kila fomu nilikuwa naandika kwenye nafasi ya maoni: ziwa limefungwa, anaogopa kusema. Niliandika hivyo mara nyingi nikajiona nimetimiza wajibu. Baadaye mchambuzi wa takwimu alieleza kwamba maoni hayaingii kwenye hesabu, yakafutwa yote. Sikubisha. Makala ikatoka, na miezi tuliyozivua sifuri hizo imetajwa kwa maneno manne kwenye kurasa ambazo hakuna anayezisoma.

Yote haya nimeishi nayo vizuri tu. Nilikuwa najiambia ni karatasi, zinasomana zenyewe huko ziliko.

Leo asubuhi nimefungua andiko lililofuata kwenye orodha, na halikuwa makala. Ulikuwa mpango wa kazi wa mradi mmoja wa afya, ule uliokuwa ukituma boti kisiwani na wauguzi, dawa na vipimo. Sentensi yetu imo, na namba ya marejeo imewekwa vizuri kabisa. Chini yake wameandika kwamba, kwa kuwa malaria haiathiri sana kazi za wavuvi, safari za boti zisimamishwe na nguvu zipelekwe kwingine.

Niliisoma mara tatu. Boti haijaenda Kilwa tangu msimu wa baridi. Sote tulidhani injini imekufa.

Kwenye safu ya matumizi nilitakiwa kuandika "anakubali". Nikaiacha tupu. Nikafunga kompyuta, nikashuka sokoni kununua chisense, vidagaa vyetu, ili tu nitoke mle chumbani. Na nani nimkute ameketi juu ya magunia yake? Papa Ilunga.

Nilimuuliza habari za nyumbani. Akasema Feza, binti yake mkubwa, alishikwa na malaria mwezi uliopita akiwa na mimba ya miezi sita. Mhudumu wa kijiji hakuwa na kipimo wala dawa, maana vyote vilikuwa vinaletwa na boti. Upepo ulikuwa mbaya siku mbili. Walipovuka naye mpaka huku, mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, huku akifunga mdomo wa gunia kwa kamba.

"Ile bwato ya ba muganga, juu ya nini haikuyake tena?" aliulizia boti ya wauguzi, kwa nini haiji tena. "Weye unasomaka bile bintu. Unitafutie jibu."

Ningeweza kumwambia nitatafuta. Nilimwambia ukweli, nimesimama katikati ya soko na kikapu mkononi. Nikamweleza swali, sifuri, makala, mpango.

"Mi nilikuwa naogopa ba garde," akasema. "Weye ulikuwa naogopa nani?"

Hakuna askari wa samaki aliyekuwa ananitafuta. Sikuwa na nyavu za kunyang'anywa. Niliogopa kuchelewa mtumbwi, kisha nikaogopa kumuudhi mzungu aliyenipa kazi, na kadiri makala ilivyopata sifa ndivyo nilivyoogopa kuonekana mjinga kwa kuichafua. Woga wa Papa Ilunga una heshima zake. Wangu una harufu ya kujipendekeza.

Kabla sijaondoka nilimuuliza kama anaona vibaya nikiandika kwamba walikuwa wanavua. Siwezi kusahihisha sifuri bila kusema kwa nini watu walidanganya, na niliwaahidi kwamba waliyoniambia yatabaki siri.

"Andika," akasema. "Jina yangu usitie."

Nimerudi chumbani umeme ukiwa bado upo. Nimeandika barua kwa mhariri wa jarida. Sikutaja kijiji wala mtu. Nimesema utafiti ulifanyika wakati ziwa limefungwa, kwamba kukiri siku ya kazi ilikuwa ni kukiri kosa, kwamba fomu ilimpa muulizaji sababu ya kupenda sifuri, kwamba muulizaji huyo ni mimi, na kwamba maoni yaliyofutwa yatafutwe kama bado yapo. Nimesema sentensi ile isitumike tena kuamua mgonjwa yupi afikiwe. Nakala nimempelekea Profesa na wale wenye boti.

Saa kumi na nusu nikabonyeza kutuma. Wingu lilikuwa bado juu ya ziwa. Shahada ya Lusaka sijui kama bado ipo. Nadhani haipo, na inaniuma, sitajifanya haiumi. Nimeingoja kwa miaka, na kuna mtu mmoja tu anayeweza kuniandikia barua yenye uzito, Profesa, huyu niliyempelekea nakala leo.

Wenye boti wakisoma, huenda wakairudisha. Huenda wakasema utafiti zaidi unahitajika. Mtoto wa Feza hatarudishwa na yeyote kati yao.

Halafu nikakumbuka jedwali. Ijumaa haijafika, na mimi nimezoea kumaliza kazi niliyopewa. Kwenye mpango wa boti nikaandika "anakubali", kwa sababu ndivyo ilivyo. Kisha nikaongeza mstari mmoja chini kabisa. Mwandishi: jina langu, la kwanza na la ukoo, mara ya kwanza kulitia kwenye fani hii. Mada: siku za kazi zilizopotea, Ziwa Mweru. Jinsi makala ilivyotumika: anapinga.

Kompyuta ikajumlisha yenyewe. Idadi ya nukuu ikapanda kwa moja, na mstari wa grafu ukapanda nao.