Mayai Tuliyowapa Wavulana

Na bado sijakujibu lile uliloniuliza siku ya mwisho tulipokimbia pamoja, Robhi: "Bhoke, mbona miguu yangu inakuwa mizito hivi?" Nilikucheka. Nikasema umependa mtu. Nisamehe, rafiki yangu. Leo jibu ninalo, na hasira ninayo, hata kalamu inatoboa karatasi.

Lakini kwanza furaha, maana ungeninunia nikikuficha. Nimeolewa, mwenzangu! Na Marwa, mwalimu mwenzangu hapa Kenyamonta. Wiki ya sita leo, na akipiga hodi moyo bado unaruka kama nimesikia filimbi ya kuanza mbio. Asubuhi yetu ya kwanza alinichemshia yai. Mwanamume, Robhi, amechuchumaa kwenye mafiga! Nikamwambia kwetu wanawake hatuli mayai. Akasema, "Kula, kuku hatasema." Nikacheka, nikala. Kisha nikalia mpaka akaogopa, kwa sababu nilikukumbuka wewe.

Unalikumbuka banda la kuku pale chuoni tuliposomea ualimu? Lilisifiwa kila mkutano, ndiko kujitegemea. Nani alifagia kinyesi? Sisi. Nani alibeba maji? Sisi. Na wanariadha walipogawiwa mayai, sisi wasichana wa Kikurya tuliwasogezea wavulana sahani zetu, tukajiona tumelelewa vizuri. Wao wakala mawili mawili, wakitutania, "Asanteni, mashangazi!" Mwalimu wa michezo aliona yote. Hakutupa hata maziwa badala yake, hata dagaa! Asubuhi jembe, mchana ugali na mchicha, jioni maili nne. Halafu akaandika kwenye daftari lake kwamba wasichana hawana pumzi. Wewe, uliyepanda kilima huku unaimba!

Ulipoanguka, mganga wa zahanati alisema damu imekwisha mwilini. Siku tatu tu, basi. Na msibani nikasikia kwa masikio yangu: "Mbio zimemuua. Mwanamke si wa kukimbia." Sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa sikia. Mwezi huu mwalimu mkuu wetu alitaka kuwakataza wanafunzi wangu kumi na wawili, wasichana ninaowafundisha mbio, kukimbia, "wasije wakaishia kama yule wa Matongo." Yule wa Matongo! Kama vile huna jina! Nilisimama mbele ya walimu wote, bibi harusi na kitenge changu kipya, nikasema hukufa kwa mbio, ulikufa kwa njaa katika chuo kilichojaa kuku. Akasema, "Ndugu mwalimu, tulia." Nikasema situlii. Marwa naye akasimama. Ah, nampenda mtu yule!

Tumekubaliwa mpaka mwisho wa mwezi. Akianguka mmoja, basi. Kwa hiyo wanakula kwangu kabla ya mazoezi: maziwa, maharage, yai. Mama mmoja alikuja juu: "Unamfundisha binti yangu vya wanaume?" Nikamjibu, "Ndiyo, shikamoo mama, na kesho atakula tena." Hakuna aliyeanguka, Robhi. Hakuna hata mmoja.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja nao kwenu. Tutashuka lori pale njia panda, tukimbie mpaka kaburini kwako. Nitachemsha mayai mawili. Langu nitalila pale pale, mama yako akinitazama. La pili ni lako, na safari hii hakuna mvulana atakayelipata.

Bhoke wako