Elia Adaka Mpira wa Kwanza

Okolona, Alhamisi, Septemba 2015

Nilitia sahihi mwenyewe fomu ya kumruhusu mwanangu acheze mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka kwa mikono na kugongana, na sasa najuta. Kocha alinieleza vizuri: wachezaji wake hodari wameondoka, anaijenga timu upya, anahitaji mtu wa mbio wa kudaka pasi ndefu. Mwanangu Elia ana mbio tangu tukiwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania.

Leo mazoezini alidaka mpira wa kwanza, wachezaji wawili wakamgonga kwa pamoja, akaangukia kichwa. Akainuka, watu wakampigia makofi.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Baba, mazoezi ni saa ngapi?"

"Si ndiko tunakotoka, mwanangu?"

"Nakutania tu. Usimwambie kocha."

Hakuwa akitania; kugongwa kule kumemvuruga kichwa.

Mechi ni kesho. Nimempigia kocha, nimemwambia Elia hachezi. Elia amesikia, akajifungia chumbani. Nimemwita mara mbili, haitiki. Naomba iwe ni hasira tu, si kichwa.