Wewe Panda Nyuma

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Navakholo tumeamka vyema, na mahindi yamekomaa. Nimesikia kwamba yule kijana amekuacha, na unauliza mimi nilifanyaje nilipoachwa.

Nililia, hiyo tuiache. Lakini siku ya soko ilifika. Wakati wote wa uchumba wetu, Wafula ndiye aliyekuwa akinipeleka sokoni kwa baiskeli yake, na sasa alikuwa anambeba mwingine. Basi nikachukua baiskeli ya baba. Niliangukia kwenye miwa mchana kutwa, watoto wakinicheka, mpaka jioni baiskeli ikanitii. Nilipofika, watu walikuwa wameshaondoka. Sikujali. Nilizunguka soko tupu nikipiga kengele, kisha nikarudi nyumbani.

Tangu hapo nilikuwa nikienda ninakotaka. Baadaye nikamkuta mwalimu mgeni akitembea kwa miguu kuelekea Bukura, nikasimama nimsaidie. Akashika usukani, akidhani ataendesha yeye.

Nikamwambia, "Mwalimu, wewe panda nyuma."

Akapanda. Ndiye huyu babu yako anayekusalimia.

Nyanya yako