Mtori Wangu Unamuumiza Mume Wangu

Mpendwa Dada Evelyn,

Naandika nikiwa jikoni, ukungu umeshuka mpaka kihambani, kwenye migomba yetu, na sioni hata zizi, naomba unishauri kabla sijafunga virago nirudi kwetu Kahe. Mimi naitwa Mektrida, nimeolewa huku Rombo, juu kidogo ya Mkuu, mume wangu Leodegar ana miaka sitini na saba na tumeishi vizuri tangu ujana, lakini tangu Kwaresma kila akimaliza sahani yangu, nusu saa haipiti anajikunja akishika kitovu, amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba, na mimi kwa huruma nikaanza kumpikia mtori wa ndizi kama wa mzazi aliyetoka kujifungua, wa nyama na siagi, bakuli la kujaa, maana kwetu mtu aliyeishiwa nguvu ndivyo anavyorudishwa, na maziwa kikombe kikubwa juu yake, lakini kadiri ninavyomlisha ndivyo anavyoumia, na maziwa yanamharisha.

Daktari alimpima akasema huenda mshipa unaopeleka damu kwenye utumbo umeziba nusu, akaandika barua aende Moshi mjini akapigwe picha ya mishipa, Leodegar akaikunja akaitia kabatini, akasema tumbo na damu wapi na wapi. Sasa anashinda kwa dada yake Eliona, huko anakula ndizi mbivu moja tu na haumwi, ndipo wifi akasema mbele ya watu kwamba shida ni mkono wangu, na juzi nilipomwekea bakuli mume wangu alilitazama, akanitazama na mimi, akauliza taratibu, "Mektrida, umeniwekea nini?" Dada, tangu siku hiyo natembea kama niko ndotoni, nikisinzia mchana namwona anapita katikati ya migomba, mwembamba, majani hata hayatikisiki, namwita haitiki, na nikishtuka sijui kama kweli nilikuwa nimelala. Nampenda, na nimechoka kuogopwa. Je, niondoke ili apone?

Mektrida, Rombo

Dada Mektrida,

Pole sana. Swali kama hilo kutoka kwa mume wako lingemvunja mtu yeyote. Lakini nitakugombeza kidogo: barua ya daktari inakaaje kabatini wakati wewe uko jikoni unaongeza siagi?

Kabla ya kukujibu nimezungumza na daktari wa tumbo. Utumbo ukipokea chakula unadai damu nyingi kuliko ukiwa mtupu. Mshipa ukiwa umebana, damu haitoshi, ndiyo hayo maumivu. Tena ile ngozi laini ya ndani ya utumbo ndiyo inayotengeneza vimeng'enya vya kumalizia kazi ya kusaga chakula, kikiwemo kile cha sukari ya maziwa. Ikikosa damu inachakaa, vimeng'enya vinapungua, chakula kinapita tu. Nyie mnamwagilia kwa mfongo, ule mfereji wa kutoka mlimani, mnajua: maji yasipofika, mgomba haushibi hata uumwagie samadi debe zima. Wewe umekuwa unamwaga samadi.

Kwa wifi yako haumwi kwa sababu anakula kidogo, basi. Hata ndizi moja ya mkono wako isingemuumiza.

Kwa hiyo bakuli la mzazi liweke kando. Mpe vijiko vichache, mara tano au sita kwa siku, na maziwa yasubiri kwanza. Kama anavuta sigara, aache leo. Msinunue dawa za vidonda vya tumbo kwa kubahatisha. Maumivu yakimshika ghafla, makali, yasiachie, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Mshipa unaweza kufunguliwa, ila kazi hiyo mtori hauiwezi.

Eliona naye muende naye Moshi. Usibishane naye njiani, akae mbele ya daktari asikie mwenyewe.

Usiondoke, dada yangu. Ukiondoka, Leodegar atabaki na ndizi yake moja kwa siku, hataumwa, ataisha kidogo kidogo, na wote watakuwa wanasema anapona mpaka siku ya kumzika. Jumatatu asubuhi awe Moshi.