Barua Zangu Zilizobaki Kawangware

Penina, Nyar Ugenya, binti wa Ugenya,

Sijui barua ya mtu aliyekufa hupelekwa wapi. Hata ningejua, ufunguo wa sanduku la posta ulikuwa nao wewe miaka yote hiyo. Sasa ninao mimi, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia. Nina hasira nawe, nikuambie mapema, usije ukadhani nimekaa hapa kukulilia peke yake. Kukulilia nimekulilia pia.

Tulipokuzika kwenu na kurudi Nairobi, akina mama wa kikundi chetu cha usafi walikaa pale kwenye chekechea yetu mtaani Soweto wakaulizana ufunguo wa posta apewe nani. Wakasema kwa sauti moja, apewe Mama Seth, maana yeye na marehemu walikuwa chanda na pete. Niliupokea nikilia. Ulikuwa bado umefungwa kwa ule uzi wako mwekundu.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Kikundi kizima sanduku moja, ufunguo mmoja, na wa kuushika ni wewe, kwa kuwa ofisi uliyokuwa ukifanya usafi ilikuwa hatua chache kutoka posta, na kwa kuwa wewe ulifika kidato cha nne na wengi wetu tuliishia njiani katika shule ya msingi. Barua zetu zote kutoka nyumbani, za harusi, za karo, za misiba, zilipita mikononi mwako. Ukirudi jioni ulikuwa ukisimama mlangoni unaita majina kama mwalimu wa zamu. Langu ulikuwa na namna yake ya kuliruka. "Hakuna kitu yako leo, Mama Seth. Mzungu wako amekusahau." Na mimi nacheka. Penina, nilikuwa nacheka!

Mzungu wangu alikuwa Hanne. Alikuja na wenzake wanne kutoka kwao Denmaki, wote vijana, wamejitolea kutuchimbia mtaro wa kupitisha maji machafu kutoka Soweto hadi mtoni. Walikuja na mchoro wao kwenye karatasi kubwa, na sisi tukachimba kama tulivyoambiwa, wiki mbili, mikono ikatoka malengelenge. Mvua ya kwanza ikanyesha, maji yote yakageuka yakaingia nyumbani kwa watu. Nyumba ya yule jirani yako muuza omena masufuria yalikuwa yanaelea. Wale vijana wakasimama na karatasi yao, wanaangaliana.

Nilienda nyumbani nikachukua mpira wa maji wa Baba Seth, ule mwembamba unaoonekana ndani, anaotumia kazini kupimia kama ukuta umelala sawa. Nikamwambia Hanne ashike upande mmoja, mimi nikashika mwingine, nikamwonyesha maji yanavyosimama. Upande wao wa chini ulikuwa juu. "Maji haijui kusoma ramani," nilimwambia, na wewe ukamtafsiria, akakaa kwenye matope akacheka mpaka akatoa machozi. Kesho yake tulianza kuchimba upya, mimi mbele na mpira wangu. Tangu siku ile hakubanduka kwangu. Alijifunza Kiswahili jikoni kwangu akichambua sukumawiki, na kilichomshinda ulikuwepo wewe. Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu wa Kiingereza, na sikuwahi kujiuliza mdomo huo unasema nini.

Alipoondoka alinishika mikono akasema ataniandikia kila mara. Nikangoja mwaka mzima. Wa pili nikaacha kungoja, nikaanza kumsema. Nilisema kwenye mkutano, ukiwa umekaa kando yangu, kwamba hawa watu huja kutukumbatia mbele ya kamera, wakipanda ndege wametusahau. Walipokuja wengine wakaomba niwaonyeshe kazi ya mtaro, niliwanunia. Niliwaambia wamuulize aliyechora karatasi. Ulisikia yote hayo. Ulinimiminia chai ukasema, "Wachana nao, Mama Seth, ndivyo walivyo."

Halafu ukatuletea habari kwamba watu wa Hanne wanamwalika mmoja wetu akae nao miezi mitatu, na kwamba wanataka anayejua Kiingereza. Wa kwanza kupiga vigelegele ni mimi. Baba Seth alikubebea sanduku begani hadi barabarani, nami nikabaki na Atieno wako na mdogo wake. Miezi mitatu nimewalisha, nimewasuka, nimekaa usiku kucha na yule mdogo alipopata surua. Uliporudi ulikuwa umenenepa mashavu, na umevaa sweta ya buluu yenye maua meupe kifuani, nzito, ya kufumwa kwa mkono. Tulikusifu. Ukasema umejinunulia kwa ajili ya baridi ya huko. Nilipokuuliza habari za Hanne, ulisema hukubahatika kumwona. Kila Julai ilikuwa haikutoki mwilini.

Sasa sikiliza nilichokikuta.

Siku ya kwanza kufungua lile sanduku kulikuwa na barua moja tu, na ilikuwa yangu. Jina langu kamili, Rose Khasandi, kwa herufi kubwa. Nilidhani ni ya kwetu Vihiga. Ilikuwa ya Hanne, kwa kile Kiswahili chake cha jikoni kwangu. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, maana hii ndiyo ya kwanza ambayo wewe hukuisoma kabla yangu.

"Dada Rose. Pasta wenu ameniandikia kwamba Penina amekufa. Mimi nalia sana. Hii ni barua yangu ya sita kwako. Najua bwana yako alikataa wewe uje kwetu, na uliniambia nisiulize tena, nimpeleke Penina mahali pako. Niliheshimu. Lakini sasa nauliza mara ya mwisho. Vijana wetu wanaenda kujitolea nchi za watu na hawajui kuuliza wenyewe kwanza. Kuja uwafundishe, na mpira yako ya maji. Na sweta ambayo mama yangu alikufumia, bado inakupa joto?"

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaisoma tena. Askari wa pale posta akaniuliza, "Mama, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Ningemwelezaje?

Ile sweta, Penina. Ni mimi niliyeipeleka mochari. Dada yako Dorka alileta gauni, nami nikasema hapana, avae na sweta yake ya buluu, alikuwa mwoga wa baridi. Niliifunga vifungo vyote mpaka shingoni kwa mikono yangu. Nilikuzika na nguo yangu bila kujua ni yangu. Hapo huwa nashindwa kuendelea, kalamu naiweka chini, nazunguka nyumba, narudi.

Baba Seth nilimsomea barua akiwa anakula. Unamjua, mtu ambaye akikanyagwa mguu anaomba msamaha yeye. Aliacha ugali. "Mimi? Nilikukataza saa ngapi?" Akauliza tena taratibu, kama mtu aliyesingiziwa wizi, kwamba kumbe miaka yote hiyo kuna watu ng'ambo wanaomjua kama mume mkali. Alikubebea sanduku, Penina! Alitoka na wewe kukiwa bado na ukungu, sanduku begani, akiwa na kazi ya kwenda. Ulitembea nyuma yake ukiwa umeshamwandika hivyo.

Jumamosi nilikwenda Kawangware kwa Dorka. Nilienda kwa miguu ili hasira ipungue njiani, haikupungua. Nilimkuta sokoni anapanga nguo za mitumba za watoto, na aliponiona usoni alijua. Hakubisha hata kidogo. Alifunika nguo zake, akanipeleka nyumbani, akatoa chini ya godoro bahasha zangu tano, zote zimefunguliwa, na daftari lako la kurasa thelathini na mbili ambamo ulikuwa ukiandika majibu yangu kabla ya kuyanakili vizuri.

Nilikaa kwenye kitanda cha Dorka nikajisoma. "Mume wangu ni mtu mkali, Hanne, naomba usiniletee shida nyumbani, Mungu akipenda tutaonana." Uliniiga sawasawa. Hata ile tabia yangu ya kutia "Mungu akipenda" kila baada ya maneno mawili uliitia. Mahali pamoja ulikuwa umekata neno ukaandika lingine, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa la mtu aliyesoma kunishinda. Ulikaa, ukafikiri, ukatafuta ningesemaje. Hukukosea kwa haraka. Ulifanya kazi.

Nikamuuliza Dorka kwa nini. Alisema uliogopa. "Alisema ukienda huko hautarudi, na ukikosa kurudi kikundi imekwisha, nani mwingine anajua hiyo mambo ya mtaro?" Nikamwambia hiyo ni sababu ya kunizuia mimi, si sababu ya kwenda yeye. Dorka akakunja nguo moja ya mtoto mara tatu, akasema, "Na pia alitaka kwenda. Si ni mtu?"

Kati ya yote niliyoyasikia, hilo ndilo naliamini. Ulikuwa umeosha sakafu za watu miaka, na Kiingereza chako kizuri kikitumika kuomba sabuni. Halafu inakuja ndege, na jina lililo kwenye bahasha ni la mwanamke wa mtaroni ambaye hawezi hata kuagiza chai kwa lugha hiyo. Nayaelewa hayo. Ndiyo maana naumia zaidi. Ungeniambia, Mama Atieno. Ungekuja jikoni kwangu ukasema, nataka kwenda mimi. Unadhani ningekataa? Mimi ningeogopa ndege, ningeogopa chakula, ningetafuta kisingizio mwenyewe. Ningekupa nafasi ile na sweta juu. Hukuiba kitu nilichokunyima, uliiba kitu ambacho ungepewa, na sijui mtu husamehe vipi jambo la namna hiyo.

Na ulinifanya nimchukie Hanne. Safari ya ndege ningeisahau, lakini miaka ile nilimsema vibaya mtu aliyekuwa akiniandikia, na wewe unanimiminia chai.

Mambo ya huku si mazuri sana. Mtaro uliostahimili mvua zote za El Nino sasa umeziba upande wa Sarang'ombe, kwa sababu tangu ufe hakuna anayepita nyumba kwa nyumba siku ya usafi akiwatania watu mpaka watoke. Mimi nikiwaita wanasema nakuja, na hawaji. Hicho kipaji kilikuwa chako na sikikatai. Juzi niliingia mwenyewe na jembe, nikachota uchafu huku nikikutukana na kukutamani. Wachimbaji wawili walikuwa wanahitajika pale.

Atieno na mdogo wake hawajambo. Wanakaa kwangu siku za shule, wikendi kwa Dorka. Atieno amekuwa na sauti yako kabisa, watoto wa chekechea wanamtii kuliko mwalimu. Aliniuliza mama alikuwa anaandika barua nyingi hivyo kwa nani, nikamwambia kwa marafiki zetu wa ng'ambo, na kwamba alikuwa na mwandiko mzuri. Atieno nimemwachia mama yake kama anavyomjua. Akina mama wa kikundi pia sijawaambia, ingawa kila wakikusifu nainama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Lakini Hanne nimemwambia. Dorka alinisihi, "Si umwache tu marehemu, Mama Seth? Huyo mzungu hata si mtu wa kwetu." Nilifikiri siku tatu. Nikaona nikinyamaza, nitakuwa nimekubali kuwa yule Rose wa kwenye daftari lako, mwenye mume mkali na asiyependa kuulizwa. Siwezi kuishi nikiwa yeye. Kwa hiyo nimemwandikia mwenyewe, kwa Kiswahili, kurasa nne, kila kitu, na sikulipamba jina lako. Nimemwambia asishangae mwandiko ni mbaya kuliko wa zamani, huu ndio wangu. Nimemwambia pia ulivyokuwa ukiwatoa watu nyumbani siku ya usafi, kwa sababu hilo nalo ni kweli.

Na nimemwambia nakuja. Mvua za masika zikiisha, makaratasi yakikubali. Baba Seth amesema niende, na kitu cha kwanza nikifika niwaambie yeye si mkali.

Ulisema nikienda sitarudi. Ulinijua miaka yote ile, tumefua pamoja, tumezika pamoja, na bado hukunijua. Basi nakuahidi hivi: nitakwenda, nitawashikisha wale vijana mpira wa maji upande huu na huu, na nitarudi Soweto nizibue mtaro. Si kwa ajili yako. Na siku hiyo nikirudi nitapanda gari la Ugenya nije nisimame kaburini kwako nikuonyeshe kwamba niko hapa.

Lala, Penina. Watu wakikuaga husema lala salama, nami nimejaribu kuliandika hilo la pili, mkono umekataa. Nikirudi nitakuja nalo.

Mimi,
Rose